Kifungu ambacho hakuna aliyewatajia: wakimbizi na kazi ya ulinzi Afrika Kusini

Mgeni anayefika Durban au Johannesburg akiwa na karatasi ya ukimbizi mkononi hukawii kumkuta anaulizia kazi ya ulinzi. Kazi hiyo haidai shahada iliyotambuliwa upya na mamlaka za elimu za nchi hiyo. Haidai mtaji, na Kiingereza cha kujikwamua kinatosha kuanzia. Ndiyo maana kwenye maegesho ya magari, mageti ya majengo na maghala ya usiku, ukisalimia kwa Kiswahili si ajabu ukajibiwa kwa Kiswahili cha Bukavu, cha Uvira au cha Bujumbura. Wapo kati yao waliokuwa walimu kwao, na wapo waliokuwa mafundi. Sasa wanaingia lindo saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi.

Sekta yenyewe ni kubwa mno. Walinzi wa kampuni binafsi Afrika Kusini ni wengi kuliko polisi na wanajeshi wa nchi hiyo ukiwajumlisha. Anayefungiwa nje ya sekta hiyo amefungiwa nje ya ajira nyingi ambazo mtu asiye na kitu angeweza kuzifikia.

Kisa ninachokichambua kinahusu kufungiwa huko. Ni kesi ya Union of Refugee Women, umoja wa wanawake wakimbizi, pamoja na wakimbizi wengine waliojiunga nao, dhidi ya Mkurugenzi wa PSIRA, mamlaka inayosimamia ulinzi binafsi. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliitolea hukumu Desemba 2006. Kwa jumla wakimbizi walishindwa, na kwa sababu hiyo wengi wanaoitaja huishia hapo: kwamba mahakama ilisema mkimbizi hana haki ya kuwa mlinzi. Lakini mahakama haikusema hivyo, na tofauti kati ya kilichosemwa na kinachosimuliwa imewagharimu watu kazi.

Tuanze na sheria. Mwaka 2001 Bunge la Afrika Kusini lilipitisha Sheria Na. 56 ya kusimamia ulinzi binafsi. Kifungu cha 23(1) kinaorodhesha sifa za anayetaka kusajiliwa: awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe amehitimu mafunzo yanayotakiwa, asiwe ametiwa hatiani kwa makosa fulani katika miaka 10 iliyotangulia, na mengine ya namna hiyo. Sharti la kwanza kabisa, aya ya (a), linataka awe raia au mkazi wa kudumu. Bila usajili hakuna sare, hakuna lindo, na kampuni inayokuajiri inavunja sheria.

Sasa weka pembeni yake sheria nyingine ya nchi hiyohiyo. Sheria ya Wakimbizi ya 1998, iliyoanza kutumika Aprili 2000, inasema katika kifungu cha 27(f) kwamba mtu aliyekubaliwa kuwa mkimbizi ana haki ya kutafuta ajira. Haikutaja sekta zilizotengwa. Mtu aliyesoma karatasi yake vizuri, akaona imeandikwa kwamba anaruhusiwa kufanya kazi, akalipia mafunzo ya ulinzi, akafaulu, akapeleka fomu PSIRA, alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba yuko ndani ya sheria. Waleta maombi katika kesi hii walikumbana na jibu jingine. Kwa kuwa si raia wala si wakazi wa kudumu, maombi yao yalikataliwa, na wengine waliokwisha kusajiliwa wakafutiwa usajili.

Kuna jambo ambalo msomaji wa Tanzania au Kenya anaweza asilione upesi. Sisi tumezoea kumfikiria mkimbizi ndani ya kambi: Nyarugusu kule Kigoma, Kakuma kule Turkana. Kambi ina mabaya yake mengi, hasa kumnyima mtu uhuru wa kutembea na kujitafutia, lakini ina mgao wa chakula, zahanati na mahali pa kulala. Afrika Kusini haina kambi. Mkimbizi anapewa karatasi na kuachiwa mji. Kodi ya chumba ni yake, nauli ni yake, chakula cha watoto ni chake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa hakika hiyo ndiyo sera ya Afrika Kusini kwa wakimbizi: usitutwishe mzigo, lima mwenyewe. Kwa sera hiyo, kumnyima mtu jembe si jambo dogo la kiutawala, maana hapo ndipo alipoambiwa ajitegemee. Nikisoma hukumu ile, hili ndilo ninalopimia kila hoja.

Wakimbizi walianzia Mahakama Kuu, Pretoria, wakashindwa. Wakaenda Mahakama ya Katiba na hoja mbili kubwa. Ya kwanza, kwamba wanabaguliwa isivyo haki kinyume na kifungu cha 9(3) cha Katiba. Ya pili, kwamba Mamlaka imeupuuza mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa 1951, ambao ibara yake ya 17 inahusu haki ya kuajiriwa.

Kwenye hoja ya ubaguzi kuna ufundi wa kisheria ambao ndio ulioamua mambo, na unafaa kueleweka na kila mgeni anayeishi kule. Kifungu cha 9(3) kinataja misingi ambayo ni marufuku kumbagua mtu kwayo: rangi, jinsia, dini, lugha, kuzaliwa na mingineyo. Uraia haumo katika orodha hiyo. Mahakama ilikwisha kukubali tangu 1997 kwamba mtu anaweza kubaguliwa kwa msingi wa uraia, lakini kwa kuwa haukutajwa, mzigo wa kuthibitisha unahama. Ukibaguliwa kwa rangi, serikali ndiyo inayotakiwa kuonyesha kwamba haikukosea. Ukibaguliwa kwa uraia, wewe mgeni ndiye unayetakiwa kuonyesha kwamba umetendewa isivyo haki. Ongeza kwamba kifungu cha 22 cha Katiba, kinachotoa haki ya kuchagua kazi, kinamtaja raia peke yake. Haki nyingi za Katiba ile ni za kila mtu aliye ndani ya nchi; hii ya kazi si mojawapo. Kwa hiyo wakimbizi waliingia mahakamani wakiwa tayari wameinama kidogo.

Hukumu ya wengi iliandikwa na Kaimu Jaji Kondile. Hoja zake si za kubeza. Mlinzi, alisema, hukabidhiwa maisha na mali za watu. Mara nyingine hukabidhiwa silaha. Serikali ina sababu ya kutaka uhakika kuhusu uaminifu wake, na uhakika huo ni rahisi kuupata kwa raia au kwa mtu aliyekaa nchini muda mrefu hadi kupewa ukazi wa kudumu. Sharti lenyewe halikuwekwa kulinda ajira za wenyeji, liliwekwa kwa ajili ya usalama, na hivyo ibara ya 17 ya mkataba wa 1951, inayohusu vikwazo vya kulinda soko la ajira, haikuvunjwa. Tena mkimbizi hakuzuiwa kufanya kazi nyingine yoyote. Na muhimu kuliko yote, katazo halikuwa la moja kwa moja, kwa sababu kipo kifungu cha 23(6).

Kifungu hiki kinaipa Mamlaka uwezo wa kumsajili mwombaji yeyote hata kama hakutimiza masharti ya 23(1), mradi aonyeshe sababu ya msingi na kusiwe na mgongano na madhumuni ya sheria. Kwa maneno mengine, mkimbizi hakufungiwa na sheria. Alitakiwa tu aombe kwa njia nyingine na ajieleze.

Lakini waleta maombi hawakuwa wameambiwa. Kaunta ilipokea fomu zao, ikaona hawana kitambulisho cha raia wala cheti cha ukazi wa kudumu, ikawakatalia, basi. Hakuna aliyewataarifu kwamba kuna kifungu cha 23(6), wala ushahidi gani ungehitajika. Mahakama iliona hilo, na hapo ikawapa wakimbizi kile kidogo walichopata: nafasi ya kuomba upya chini ya 23(6), na sharti kwa Mamlaka kwamba mtu wa namna hiyo aelezwe juu ya kifungu hicho badala ya kurudishwa mikono mitupu.

Jaji Albie Sachs alikubaliana na matokeo lakini akaandika peke yake. Alisisitiza kwamba kifungu cha 23(6) lazima kitumiwe kwa moyo wa kumpokea mkimbizi, akarejea desturi ya Kiafrika ya kumkarimu mgeni anayetafuta mahali salama pa kulaza kichwa, na kuihusisha na ubuntu. Maneno hayo yananigusa. Sachs mwenyewe aliishi uhamishoni miaka mingi wakati wa ubaguzi wa rangi, na ni Msumbiji, nchi iliyompokea, alikopoteza mkono kwa bomu mwaka 1988. Anajua kuwa mgeni ni nini. Hata hivyo ukarimu ulioachwa kwenye hiari ya ofisa wa kaunta ni tofauti na haki, na yeye alikubali uachwe hapo.

Upande wa wachache waliandika kwa pamoja majaji wawili wanawake, Yvonne Mokgoro na Kate O'Regan. Jina la Mokgoro ni la kufuatilia katika habari hii. Yeye ndiye aliyeandika hukumu ya 1997 iliyowapa ushindi walimu wa kigeni wa mkoa wa North West, waliokuwa wamezuiwa kuajiriwa kwa kudumu katika shule za serikali. Yeye ndiye aliyeandika hukumu ya 2004 iliyowapa wakazi wa kudumu kutoka Msumbiji, wengi wao waliokimbia vita, haki ya kupata ruzuku za wazee na watoto. Alifariki 2024, na sidhani kama yupo jaji mwingine wa mahakama ile ambaye wageni wanamdai shukrani kuliko yeye.

Mokgoro na O'Regan walisema mkimbizi hafanani na mgeni mwingine yeyote. Mtalii anaweza kurudi kwao. Mfanyabiashara aliyenyimwa kibali anaweza kurudi kwao. Mkimbizi hawezi, na serikali yenyewe imeshathibitisha kwamba hawezi. Ndiyo maana ikampa hadhi hiyo. Kwa hiyo yuko karibu zaidi na mkazi wa kudumu kuliko na mpita njia. Kumweka kundi moja na wageni wote, kisha kusema kundi hilo si la kuaminiwa kulinda geti, ni kuisambaza dhana kwamba mgeni kwa asili yake ni mtu wa kushukiwa. Kuhusu historia ya makosa ya jinai, sheria ina masharti mengine ya kuichunguza. Haihitaji kumfungia mtu kwa sababu ya pasipoti aliyonayo au asiyokuwa nayo.

Mimi naamini wachache ndio waliokuwa sahihi. Hoja ya usalama ina uzito wake: ni kweli kwamba PSIRA haiwezi kuandika barua Bukavu na kupata cheti cha polisi cha mtu aliyekimbia vita. Lakini mtu aliyekaa Durban miaka minane, ana karatasi halali, alama za vidole vyake ziko Mambo ya Ndani na polisi wa Afrika Kusini wenyewe hawana rekodi mbaya juu yake, amekwisha kuchunguzika kwa muda mrefu kuliko huo ambao wakati wa kesi kwa kawaida ulimfikisha mtu kwenye ukazi wa kudumu. Tofauti kati yake na mkazi wa kudumu ni cheti, na cheti hicho kinategemea kasi ya ofisi ambayo si yeye anayeiendesha. Wakati wa kesi, mkimbizi aliweza kuomba ukazi wa kudumu baada ya miaka 5, lakini kwanza ilimlazimu kupata uthibitisho wa Kamati ya Kudumu ya Masuala ya Wakimbizi kwamba ataendelea kuwa mkimbizi kwa muda usiojulikana. Kila aliyewahi kupigwa kalenda kwenye foleni za wakimbizi anajua miaka 5 ya sheria si miaka 5 ya mtaani.

Mwaka uleule wa 2006, kabla ya hukumu, walinzi wa Afrika Kusini waligoma kwa takriban miezi mitatu wakidai mishahara. Mgomo ukageuka wa damu. Watu walioshukiwa kuendelea na kazi walitupwa kutoka kwenye treni zinazokwenda. Mei 2008 ukaja moto mkubwa zaidi. Mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra, Johannesburg, yakasambaa mikoani, na watu 62 wakauawa, 21 kati yao wakiwa Waafrika Kusini wenyewe. Sitaki kusema hukumu ya mahakama ilisababisha hayo, haikusababisha. Ninachosema ni kwamba onyo la Mokgoro na O'Regan kuhusu dhana ya mgeni asiyeaminika halikuwa la vitabuni.

Sheria iliendelea kwenda mbele na kurudi nyuma. Mwaka 2012 polisi wa Limpopo walifunga mamia ya maduka madogo ya Wasomali na wageni wengine katika operesheni iliyoitwa Hardstick. Wafanyabiashara hao walikwenda mahakamani, na Septemba 2014 Mahakama ya Juu ya Rufani ikaamua kwamba wakimbizi na waomba hifadhi wanaweza kuomba leseni za biashara, kwa kuwa mtu asiye na njia nyingine ya kuishi anavuliwa utu akizuiwa kujitafutia. Ukisoma hukumu hiyo unaisikia sauti ya wachache wa 2006 humo ndani.

Kisha tangu 1 Januari 2020 marekebisho ya Sheria ya Wakimbizi yaliongeza miaka ya kusubiri kuomba ukazi wa kudumu kutoka 5 hadi 10. Kwa mlinzi, maana yake ni kwamba njia ya kawaida ya kifungu cha 23(1)(a) imekuwa ndefu mara mbili. Na Agosti 2022 Mahakama ya Katiba ilikataa hoja ya wahitimu wa sheria, wengine kutoka Lesotho, waliotaka waidhinishwe kuwa mawakili bila ya kuwa raia au wakazi wa kudumu. Mahakama ilipita njia ileile: kifungu cha 22 ni cha raia, na Bunge lina haki ya kuweka mipaka kwenye taaluma. Kwa hiyo kesi ya walinzi bado inaongoza hadi leo.

Kwa anayeishi huko sasa, mtu mwenye hadhi kamili ya ukimbizi, yaani karatasi ya kifungu cha 24 cha Sheria ya Wakimbizi, asiishie kujaza fomu ya kawaida akisubiri kukataliwa. Aambatanishe barua inayotaja kifungu cha 23(6) kwa jina na kueleza sababu yake ya msingi: miaka aliyoishi nchini, cheti cha polisi wa Afrika Kusini kuonyesha hana hatia, vyeti vya mafunzo, barua ya mwajiri wa zamani au kiongozi wa kanisa au msikiti anayemfahamu, na maelezo kwa nini hawezi kupata nyaraka za nchi alikotoka. Mwomba hifadhi ambaye bado ana karatasi ya kifungu cha 22 cha sheria hiyohiyo, ile inayohuishwa kila baada ya miezi, yuko mahali pagumu zaidi, kwa sababu kesi ya 2006 ilihusu watu ambao hadhi yao ilikwisha kukubaliwa.

Mtanzania au Mkenya aliyeingia kwa ruhusa ya siku 90 asijidanganye kwamba haya yanamhusu. Ruhusa hiyo ni ya kutembelea, na Sheria ya Uhamiaji ya 2002 inamkataza mwajiri kumwajiri mtu asiye na kibali. Hata hivyo akishaajiriwa na kudhulumiwa, hayuko nje ya ulinzi wote: mwaka 2008 Mahakama ya Kazi iliamua, katika kesi ya mfanyakazi wa kigeni ambaye kibali chake kilikuwa na kasoro, kwamba bado ni mwajiriwa kwa maana ya sheria ya kazi na anaweza kulalamikia kufukuzwa isivyo haki. Anayekuambia huna pa kwenda kwa kuwa huna karatasi anakudanganya, mara nyingi kwa faida yake.

Na kwa yule mwenye hadhi aliyekataliwa na PSIRA, asikubali jibu la mdomo. Sheria ya Haki katika Maamuzi ya Utawala, Na. 3 ya 2000, inampa siku 90 tangu alipojua uamuzi kuomba sababu kwa maandishi, na ofisi nayo ina siku 90 kujibu. Sababu zikiwa dhaifu, au zisipokuja, kesi ya kupinga uamuzi inatakiwa ifunguliwe bila kuchelewa, na kwa vyovyote isizidi siku 180. Lawyers for Human Rights wana ofisi Durban, Johannesburg na Pretoria, na Cape Town kuna Scalabrini Centre. Wote wamezoea kesi za wakimbizi na hawamtozi mkimbizi pesa. Aende na bahasha yenye kila karatasi aliyopewa kaunta, na tarehe aliyopewa kila moja.